Mgongo wa Mwalimu

Wahenga walinena kwamba adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti. Mwalimu aliwafafanulia wanafunzi wake methali hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini, tena kwa bashasha, akiwataka watunge visa vya kuidhihirisha. Hakujua kwamba baada ya kustaafu ingemfuata hadi nyumbani kwake, huko katika milima ya Taita, ikakalia kiti kimoja naye. Dakika ishirini za kukaa zilimtosha. Zikiisha, sharti ainuke, ashike kizingiti cha mlango na kungoja ule moto ulioanzia kiunoni, ukapitia tako la kushoto na kuteremka hadi kidole gumba cha mguu, upoe.

Alikuwa amepasuliwa mgongo mwaka 2021. Kisahani kilichoko baina ya pingili ya nne na ya tano za kiuno kilikuwa kimetokeza na kuibana neva. Kipande hicho kiliondolewa, na kwa miezi mitano Mwalimu akatembea kama kijana. Kisha maumivu yakarejea, kwanza kwa haya, hatimaye kwa kishindo. Aliporudi hospitalini aliambiwa kwamba upasuaji ulifaulu. Kauli hiyo ilimkera kuliko maumivu yenyewe.

Hata hivyo, hakuwa wa kwanza. Mixter na Barr, madaktari wa Boston, walichapisha mwaka 1934 makala iliyoonyesha kwamba kisahani kilichotokeza chaweza kuwa kiini cha maumivu ya mguu, na kwamba kisu chaweza kuyaondoa. Tangu hapo wengi wamepona, na wengine wamebaki na maumivu yao. Kwa miaka mingi hali ya hawa wa pili iliitwa kwa Kiingereza jina lenye maana ya upasuaji wa mgongo ulioshindwa. Siku hizi wataalamu wengi wanapendelea jina la upole zaidi, na si ajabu: lile la kwanza humfanya mgonjwa ajione kama mtahiniwa aliyeanguka mtihani asioukalia.

Mwanawe mkubwa, aliyefanya kazi Nairobi, alikuja na pendekezo. Alikuwa ameandikiana na hospitali moja ya India, akatumiwa makadirio ya gharama za upasuaji wa pili, wa kuziunganisha pingili kwa vyuma. Bima aliyokuwa nayo Mwalimu kazini ilikoma alipostaafu, kwa hiyo fedha zingetoka katika shamba la mtoni.

"Baba, shamba hununuliwa tena," alisema. "Mgongo haununuliwi."

Mama yake hakuinua macho kutoka kwenye ungo wa mahindi. "Mwalimu, utaliuza shamba ili upate mgongo wa kulitembelea?"

Kaka yake Mwalimu naye alimsifia mkandaji mmoja wa kijiji jirani. Ikaamuliwa kwamba jamaa wakutane Jumamosi ya pili, na kabla ya siku hiyo Mwalimu amwone daktari wa maumivu mjini Mombasa. Alikwenda kwa garimoshi kutoka Voi, akiwa amesimama karibu safari nzima, huku kiti alichokilipia kikiwa kitupu.

Daktari alimwomba ayapime maumivu yake kuanzia sifuri hadi kumi. Mwalimu akasema saba, kisha akaona haya. Saba ya nini? Daktari akaiweka kalamu chini.

"Basi nieleze kwa Kiswahili chako, Mwalimu."

Hapo ndipo ulimi ulipofunguka. Kiunoni, alisema, kunauma. Ni uzito, kama wa mtu aliyeshinda na gunia mgongoni, nao huzidi jioni. Mguuni hakuumi. Mguuni kunachoma, kunachonyota, mara kunadunga kwa ghafla kama mtu aliyeguswa na umeme. Na juu ya wayo pana ganzi, lakini ganzi ya ajabu, kwani hata shuka likipagusa yeye huruka. Daktari alikuwa akiandika katika safu mbili. Alipomaliza alimgeuzia karatasi. Safu ya kwanza, alieleza, ni maumivu ya viungo na misuli. Ya pili ni ya neva iliyojeruhiwa, nayo huendelea kulia hata pale aliyeikanyaga amekwisha kuondoka. Dawa ya safu moja si lazima iifae nyingine.

Yamkini hakuna somo la msamiati alilowahi kulifundisha Mwalimu lililokuwa na faida ya papo hapo kama hilo. Kwa miaka miwili alikuwa akinunua vidonge vya jamii ya ibuprofeni katika duka la dawa, akivimeza kwa ajili ya mguu ambao havikuweza kuusaidia sana, huku vikihatarisha tumbo na figo zake.

Picha mpya ya MRI, iliyopigwa baada ya kudungwa dawa ya kung'arisha, ilionyesha kovu lililoizingira neva. Hapakuwa na kisahani kipya kilichotokeza, wala pingili zilizolegea. Lau vingekuwapo, alisema daktari, angeyatazama yale makadirio ya India kwa jicho jingine. Lakini kukata kovu aghalabu huzaa kovu, na matumaini ya kupona hupungua kila upasuaji unaporudiwa.

Mwalimu aliuliza pia kuhusu kifaa alichosimuliwa, kinachopeleka umeme kwenye uti wa mgongo ili kuufifisha ujumbe wa maumivu. Kilianza kutumiwa Marekani mwaka 1967, na gharama yake ingelimeza shamba vilevile. Tena wataalamu hawajaafikiana juu yake: mwaka 2022 watafiti wa Norway walichapisha matokeo ya wagonjwa 50 waliopasuliwa mgongo, wakapandikizwa kifaa hicho, kikawashwa na kuzimwa kwa zamu bila wao kujua, tofauti ya maana haikuonekana. Sindano ya steroidi ingeweza kumpa nafuu ya majuma kadhaa. Tramadoli na dawa nyingine za jamii ya afyuni huzoewa na mwili, na Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno, lilishauri zisiwe tiba ya kawaida. Mkandaji hakuchekwa. Daktari aliomba tu asiupinde mgongo wala kulikandamiza kovu.

"Ungependa kufanya jambo gani usiloweza sasa?" daktari aliuliza mwishoni.

Mwalimu alidhani angejibu kwamba angependa kupona. Badala yake alijisikia akisema kwamba angependa kukaa katika mazishi hadi mwisho, na kuteremka mtoni kutazama migomba.

Jumamosi ilipofika aliwahutubia jamaa akiwa wima, kama zamani darasani. Alisema hatauza shamba. Angemeza amitriptilini kidogo kila usiku kwa ajili ya neva, ajapokauka kinywa na kuamka mzito, na angefanya mazoezi ya viungo kwa miezi mitatu chini ya binti mmoja wa hospitali ya Voi, kisha jambo lijadiliwe upya. Wayo ukianza kulegea, au akishindwa kuzuia mkojo au choo, au akipata ganzi mapajani kwa ndani, basi apelekwe hospitali kubwa siku hiyo hiyo bila baraza. Mwanawe alinyamaza kwa muda, kisha akaomba namba ya simu ya yule binti, ili malipo yawe yanatoka kwake.

Usiku bado moto huteremka. Majuma sita yamepita, na kila asubuhi umande ukikauka Mwalimu hushika njia ya mtoni, fimbo mkononi. Jana alifika kwenye mwembe ulioko nusu ya mteremko, akauegemea, akayatazama majani ya migomba kwa mbali, kisha akageuka na kuanza kupanda.