Filta Iliyogoma

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii nimeifundisha miaka mingi, na kila mara niliwaeleza wanafunzi kwamba mvungu ni ile nafasi iliyo chini ya kitanda. Mwezi Juni mwaka jana, hapa Mwanhuzi, niliujua mvungu wa namna nyingine. Nilikuwa nimelala chali juu ya gunia, chini ya injini ya gari langu kuukuu la dizeli, oili ikinichuruzika hadi kwenye kiwiko.

Nilichokitaka huko kilikuwa kitu kidogo: kopo la bati linalopitisha oili ya injini kwenye karatasi iliyokunjwakunjwa, ili taka zibaki humo na oili irudi ikiwa safi. Mafundi wetu huliita filta. Mimi, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, nilishikilia kuliita kichujio cha mafuta. Kwa jina hilo nilipata hasara, na hasara hiyo ndiyo inayonifanya niandike.

Baada ya kustaafu niliamua kulihudumia gari mwenyewe. Fundi mmoja alikuwa ameifunga filta vibaya ikawa inavuja, nami nikaazimia kwamba haitavuja tena. Nilifunga mpya kwa mkono, kisha nikaikaza kwa spana ya mnyororo mpaka mishipa ya shingo ikanisimama. Haikuvuja hata tone. Miezi sita baadaye, nilipokwisha kumwaga oili ya zamani na kutaka kuifungua, iligoma.

Nilijaribu kwa mkono mtupu, ukateleza. Nikaizungushia kipande cha msasa, bado. Spana ya mnyororo ikaliminya kopo likabonyea, lisizunguke. Nikaanza hata kushuku upande ninaozungushia, maana aliyelala chini akitazama juu huchanganyikiwa: kulegeza ni kwenda kinyume cha mshale wa saa kwa mtu anayekitazama kitako cha kopo. Mwishowe nikatoboa kopo kwa bisibisi ndefu, ubavu hadi ubavu, ili niitumie kama mpini. Bati likachanika kama karatasi. Sasa nilikuwa na gari lisilo na oili na filta iliyoraruka, wala sikuweza kuliwasha ili niende gereji.

Nikampigia simu kijana mmoja fundi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kichujio cha mafuta kimekwama. Njoo na kipya."

"Cha mafuta?"

"Ndiyo, cha mafuta," nikajibu, nikifurahi moyoni kwamba kijana anajifunza.

Baada ya saa moja na nusu alifika kwa bodaboda, mkononi ameshika filta ya dizeli aliyokwisha kuilipia dukani. Aliinama, akatazama mvunguni, akanyamaza kidogo.

"Mwalimu, gari yako imegoma oili filta. Wewe ulisema mafuta."

Sikumsahihisha ile "gari yako". Nilikuwa nimeelewa jambo zito zaidi. Kwa dereva, fundi na utingo wa nchi hii, mafuta ni kile kinachoungua: petroli au dizeli. Anayesema gari limeishiwa mafuta haeleweki vingine. Oili ni kile kinacholainisha vyuma visisagane. Ni vitu viwili, vyenye njia mbili na filta mbili. Kiswahili cha gereji kimevitenganisha kwa neno la mkopo, nami kwa kulikataa nilivirudisha katika chungu kimoja, pamoja na mafuta ya taa, ya kupikia na ya kupaka.

Nikakaa juu ya ndoo nikamtazama akifanya kazi. Alichomoa bisibisi yangu, akaondoa mabaki ya bati, ikabaki sahani nene ya chuma iliyoshikana na injini. Kwenye ukingo wake akaegesha tindo kwa mshazari, akaigonga kwa nyundo ndogo. Akahamia upande wa pili, akagonga. Akarudi wa kwanza. Hakutumia nguvu kubwa. Baada ya muda sahani ikasogea kiasi cha unywele, ikasogea tena, kisha akaizungusha kwa vidole kana kwamba haikuwahi kugoma.

"Ulipaka oili kwenye mpira wakati wa kufunga?"

Sikupaka. Niliifunga kavu, na ule mpira wa mviringo, kwa joto la injini na mkazo wa spana, ulikuwa umegandamana na chuma. Alipapasa uso wa injini kwa kidole kuhakikisha kwamba mpira wa zamani haukubaki pale. Ukibaki, na mpya ukawekwa juu yake, oili humwagika. Filta sahihi ilipoletwa, alichovya kidole katika oili safi akaupaka mpira, akazungusha kwa mkono mpaka mpira ukagusa chuma, kisha akaongeza robo tatu ya mzunguko. Nikamnyoshea spana. Akatikisa kichwa.

"Spana ni ya kufungulia, Mwalimu. Kufunga ni mkono."

Wapenzi wa lugha mnaijua kauli ya kutendua: funga, fungua, ziba, zibua, kunja, kunjua, tega, tegua. Lakini kaza je? Sijapata kumsikia mtu akisema "kazua". Kilichokazwa hakitenduliwi kwa kiambishi. Hulegezwa, nalo ni neno la mzizi mwingine kabisa. Nilikuwa nikiliwaza hilo wakati fundi akijaza oili, nikamkumbuka mwanafunzi mmoja.

Ilikuwa katika miaka ya 1990, Meatu ikiwa bado sehemu ya Mkoa wa Shinyanga, kabla Simiyu haijawa mkoa mwaka 2012. Niliwapa kidato cha pili insha kuhusu kazi ya mzazi. Wengi waliandika juu ya pamba na ng'ombe. Mmoja, mtoto wa fundi wa malori, aliandika kurasa mbili juu ya baba yake akiwa chini ya lori. Ilikuwa insha hai kuliko zote, nami niliijaza wino mwekundu. Gereji, nikakata. Spana, nikakata. Oili, nikakata kila ilipotokea na juu yake nikaandika "mafuta". Nikampa alama saba kati ya ishirini. Alisimama akasema kwa adabu kwamba mafuta na oili si kitu kimoja. Darasa likacheka. Nikamwambia aketi. Insha zake zilizofuata zilikuwa za nusu ukurasa, maneno yote sanifu, na hapakuwa na mtu wala lori ndani yake.

Na aliyekuwa akikata ni nani? Mwalimu mwenye kalamu, majina yote mawili ya Kiarabu, aliyeketi kwenye meza, neno la Kireno, ndani ya shule, neno la Kijerumani, akimkemea mtoto kwa kuandika neno la Kiingereza.

Sisemi tukitupe kichujio. Chuja ni kitenzi kizuri, na kuunda istilahi ni kazi ya heshima. Tuna BAKITA tangu mwaka 1967. Wenzetu nao hubuni: mojawapo ya filta za mwanzo za oili za magari, huko Marekani katika miaka ya 1920, iliitwa Purolator, jina lililobanwa kutoka maneno matatu yenye maana ya "mafuta safi baadaye". Ninachosema ni kwamba neno jipya lisifute tofauti ambayo watenda kazi wameshaijua. Na washairi, hesabuni: "kichujio cha mafuta" ni mizani nane, "kichujio cha oili" ni nane pia. Hatupotezi kitu.

Tuliwasha injini, tukachungulia mvunguni: hakuna tone. Tukazima, tukasubiri, tukapima kwa stiki. Nilimlipa fundi filta zote mbili. Ile ya dizeli iko kwenye rafu, kando ya kamusi, ikingoja zamu yake.

Mwanafunzi yule sijui aliko. Sentensi yake ya kwanza naikumbuka kwa sababu niliiharibu mwenyewe, na leo nairudisha kama alivyoiandika: "Baba humwaga oili kwanza, ndipo hufungua filta."

Ni sahihi.