Banio Lililobaki Nje ya Picha

Kwa miaka zaidi ya thelathini picha moja ilining'inia sebuleni kwangu hapa Majengo, mjini Mpanda. Niliipiga mwenyewe Novemba 1984, wakati Mpanda ilikuwa bado wilaya ya Mkoa wa Rukwa na mimi nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya kijijini. Ndani yake mna maji mapana yaliyotulia, miyombo iliyokwisha kuchipua, vilima kwa mbali, na juu yake mawingu ya mvua za kwanza. Wageni walikuwa wakiisimamia kabla hawajaketi. Wengi waliuliza ni ziwa gani. Nami nilijibu kwa fahari kwamba si ziwa, ni kijito tu, kimojawapo cha vile vinavyomwaga maji yake katika mto Katuma.

Kupiga picha nilijifunza chuo cha ualimu. Mkufunzi wetu mmoja alikuwa na chumba cha giza nyuma ya stoo, na jioni alituruhusu wachache tuingie. Alitufundisha kwamba mstari wa upeo usiigawe picha nusu kwa nusu. Mpe mbingu theluthi moja au theluthi mbili, kutegemea kipi kina la kusema. Alitufundisha kuweka kitu cha karibu ili jicho lipate pa kukanyaga kabla ya kwenda mbali. Na alisisitiza kingo. Kingo za picha, alisema, zikaguliwe kama mwalimu wa zamu anavyokagua kona za bweni, maana uchafu hukimbilia huko.

Kamera yangu ilikuwa ya zile za kuning'iniza kifuani ukachungulia kwa juu. Filamu yake ilitoa picha kumi na mbili, kila moja mraba, sentimita sita kwa sita. Lakini karatasi ya kukuzia haikuwa mraba. Iliyopatikana ilikuwa ya inchi nane kwa kumi. Msomaji akipiga hesabu ataona: ukiukuza mraba hadi ujaze inchi kumi za upana, urefu nao unakuwa kumi, na karatasi ina nane tu. Sehemu moja ya tano ya picha lazima iende. Mpigapicha hana hiari ya kukata au kutokukata. Hiari yake ni kukata wapi.

Mimi nilikata chini. Mbinguni kulikuwa na mawingu, na mawingu ya Novemba kwetu, baada ya miezi ya vumbi na moshi wa mioto ya porini, hayatupwi ovyo. Chini kulikuwa na nini? Kulikuwa na banio la magogo, udongo na magunia, na wanafunzi wangu kadhaa wenye majembe, wametapakaa matope hadi magotini. Shule ilikuwa na shamba la mpunga. Ilikuwa enzi ya Elimu ya Kujitegemea, na banio lile niliamuru mimi lijengwe. Katika picha lilionekana kama takataka. Nikasogeza karatasi, nikaliacha nje. Mandhari ikabaki safi, kana kwamba hakuna mguu wa mtu uliowahi kufika pale.

Mwaka 2017 niliitwa katika kikao cha wazee kuhusu maji. Watu wa chini walilalamika kwamba watu wa juu wameziba vijito kwa mabanio ya mashamba. Malalamiko ya namna hiyo hayakuwa mageni. Katuma hupita Hifadhi ya Katavi, na kiangazi viboko hurundikana katika vidimbwi vya matope vinavyobaki, wamebanana kama magunia ghalani. Nikaona nina ushahidi. Nikaiteremsha picha ukutani, nikaifunga katika kanga ya mama watoto, nikaenda nayo.

Nilizungumza vizuri, miaka ya darasani haipotei. Nikainua picha. Nikasema, tazameni, hivi ndivyo kijito kilivyokuwa mwezi wa kumi na moja, kabla mvua hazijakolea, zamani watu walipokuwa na adabu na maji. Wazee wa chini wakaitikia. Ndipo akasimama mtu wa makamo, mkulima wa juu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani, Mwalimu. Mbona banio letu silioni?"

Nikamtazama vizuri. Alikuwa mmoja wa vijana wale wa majembe. Wala hakuwa na kejeli. Aliuliza kama mtoto anayeuliza daftari lake liko wapi. Nikajibu kwamba karatasi ilikuwa fupi. Ni kweli, ilikuwa fupi. Lakini mbele ya kikao kile sikusema neno lililofuata: kwamba yale maji mapana yaliyowafanya wageni waulize jina la ziwa yalikuwa mapana kwa sababu yamezuiwa. Kijito chenyewe mwezi ule nilikuwa nikikivuka bila kuvua viatu. Nilikuwa nimeondoa banio, nikabakiza kazi yake.

Niliikumbuka karatasi yangu fupi Januari 2020, niliposoma habari za Vanessa Nakate wa Uganda. Huko Davos, Uswisi, alipigwa picha na wasichana wenzake wanne wa harakati za mazingira, nyuma yao milima ya theluji. Yeye alisimama ukingoni. Shirika la habari la Associated Press likaitoa picha wakiwamo wanne, Wazungu watupu, Mwafrika pekee amekatwa. Maelezo yalikuwa kwamba jengo lililokuwa nyuma yake liliharibu mpangilio. Baadaye shirika liliomba radhi. Watu wengi hawakuyaamini maelezo yale. Mimi niliyaamini, na ndiyo maana yalinitia hofu. Najua jinsi jicho lililofundwa vizuri linavyoweza kumwona mtu kama doa.

Sisemi kukata ni dhambi. Henri Cartier-Bresson, Mfaransa aliyechukia mno kukata picha, picha yake mashuhuri ya mwaka 1932, ya mtu anayeruka dimbwi nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare mjini Paris, ilikatwa. Alipigia katika upenyo wa uzio, na mbao zilikuwa zimeingia upande wa kushoto. Mbao zile hazikuwa zikimrusha mtu yule. Akiziondoa, anaruka vilevile. Langu mimi, ukiliondoa, maji yanabaki bila sababu.

Negativu niliikuta katika mkebe wa maziwa, imeota ukungu pembeni. Kijana mmoja mwenye studio hapa Majengo akaiweka juu ya kioo chenye taa, akaipiga upya, akaigeuza katika kompyuta. Likatokea banio. Wakatokea vijana, kumi na mmoja kwa hesabu yangu, mmoja amefumba macho.

"Babu, hapa chini pamechafuka," kijana akasema, kidole tayari kwenye kipanya. "Tukate kidogo?"

Nikamwambia aache. Akachapa mbili, mraba, kingo zote nne zikiwamo, ukungu nao. Moja nilimpelekea yule mkulima na kumweleza habari ya maji, maneno ambayo ningeyasema kikaoni. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaanza kutafuta uso wake. Ni wa tatu kutoka kulia. Akaniuliza kama ningekuwa tayari kuyarudia mbele ya watu wa chini. Nikamwambia anitajie siku.

Ya pili iko kwa fundi seremala. Fremu za dukani hazitoshi, zote ni ndefu.