Uchawi wa Kupewa

Nina ugomvi wa muda mrefu na mchezo mmoja wa kompyuta. Huenda msomaji akaona ni utoto, lakini ugomvi huo ulinifunza jambo ambalo sikulitafuta.

Mwaka 2002 kampuni ya Bethesda ya Marekani ilitoa Morrowind, mchezo ambamo mtu huzunguka katika nchi ya kubuni akiwa mpiganaji, mwizi au mchawi. Mimi nilikuwa mchawi. Kilichoniteka ni kwamba mchezaji hakulazimika kununua uchawi uliokwisha tengenezwa. Angeweza kutunga wa kwake. Ulichagua kazi yake: kuchoma, kuruka, kufungua kufuli. Kisha ulipanga ukali wake, sekunde utakazodumu na eneo utakaloenea. Ukalipa dhahabu, ukaupa jina. Tamaa yako ikizidi ujuzi wako, kila ulipojaribu kuutumia ulishindwa, na dhahabu imekwenda.

Oblivion ya mwaka 2006 iliendeleza desturi hiyo, ijapokuwa uwezo wa kuelea hewani uliondolewa. Ilipotoka Skyrim, Novemba 2011, hapakuwa na kutunga tena. Unapata kitabu, unasoma, basi, uchawi ni ule ule alio nao kila mtu.

Likizo ya Juni 2013 mpwa wangu, akiwa kidato cha nne, alikuja kukaa kwangu. Yeye aliipenda Skyrim. Alinionyesha jinsi moto unavyounguza, barafu inavyompunguzia adui mwendo na radi inavyomnyonya nguvu za uchawi. Jinsi unavyoweza kushika mmoja mkono huu na mwingine mkono ule. Nikamwambia kwamba vyote hivyo ni vya kupewa.

"Mjomba, hebu sema kweli," akaniuliza. "Katika Oblivion, uchawi uliokuwa ukiutumia sana ni upi?"

Nikamweleza. Ulikuwa wa kupunguza uhai wa adui kwa pointi 100, kwa sekunde moja tu. Gharama yake ndogo, na yeyote mwenye uhai usiofika 100 huanguka papo hapo.

Akacheka sana. "Sasa huo ni uchawi au ni hesabu?"

Sikuwa na jibu zuri. Watengenezaji nao walikuwa wametoa sababu kama hiyo, kwamba utungaji uligeuza uchawi kuwa majedwali ya tarakimu. Kwa jinsi nilivyoutumia, walisema kweli. Nilitunga uchawi mwingi, nikaishia kutumia mmoja. Lakini sikuwa tayari kushindwa na mtoto.

"Afadhali nikosee kwa akili yangu," nikasema, "kuliko nipatie kwa akili ya mwingine."

Akanyamaza. Kisha akasema, taratibu na kwa adabu: "Na fomu yangu je, mjomba?"

Fomu ya kuchagua mchepuo wa kidato cha tano ilikuwa juu ya kabati. Nilikuwa nimeijaza mimi, kwa penseli: Fizikia, Kemia na Biolojia. Yeye alitaka Historia, Kiswahili na Kiingereza. Alikuwa amenieleza mara mbili, na mara zote mbili nilimjibu kwamba njia iliyokwisha pimwa ndiyo salama.

Ningependa kusema kwamba niliinuka pale pale nikaifuta. Sikufanya hivyo. Nilikasirika, nikamwambia mchezo si maisha. Ilinichukua siku tatu kukubali kwamba nililolilia kwenye kompyuta, yaani haki ya mtu kujaribu lake na kupata hasara yake, ndilo nililomnyima mwana wa dada yangu. Siku ya nne nilimpa fomu na kifutio, nikatoka nje.

Juu ya Skyrim sijabadili mawazo. Bado naona waliondoa kitu kizuri kwa sababu wengi wetu tulikitumia vibaya. Ila kila nikianza kulalamika, huikumbuka ile fomu juu ya kabati, na sauti yangu hupungua.