Ua la Usambara katika Mji wa Hannover



Wahenga walisema: Tembea uone. Lakini aonaye peke yake asisimulie, huyo faida yake ni nusu. Wengi warudipo kutoka Ulaya hutueleza habari za majumba marefu, magari ya moshi yendayo mbio, na baridi iumizayo mifupa. Hayo nasi tumeyaona, na wala hayana uwongo. Ila safari hii twapenda kuwasimulia habari za ua moja dogo, liwezalo kukaa ndani ya kikombe cha kahawa. Kwa sababu ndani ya habari za ua hilo mna jambo litupasalo sisi wenyewe, watu wa Tanga na wote wanywao maji yatokayo milimani.

Tulikuwa Ujerumani mwezi wa Aprili, katika mji wa Hannover, nyumbani kwa mtoto wa ndugu yetu ambaye amekaa huko miaka mingi pamoja na ahali yake. Siku ya pili ya kufika kwetu akatuambia, "Ami, Jumamosi pana mkutano wa wapenzi wa bustani. Twende ukawaone Wajerumani wanavyoyatukuza majani." Mkewe akacheka, akasema, "Ami ataona ajabu. Huku mtu hulipa kiingilio kwenda kusikiliza habari za udongo." Basi tukakubali kwenda.

MAJIRA YA MACHIPUKO

Kwanza yafaa kueleza majira yenyewe, kwani sisi wa pwani twajua masika, kipupwe, vuli na kaskazi, lakini machipuko hatunayo. Wenzetu wale hukaa miezi mitano wakitazama miti isiyokuwa na jani hata moja. Kisha, kwa amri ya Mola, siku zarefuka na udongo wapata joto. Na katika majuma machache tu mti uliokuwa kama kuni ukavaa maua meupe kutoka chini hata juu. Aliyesoma katika chuo namna ardhi iliyokufa inavyohuishwa, akaenda akayaona hayo kwa macho yake, atafahamu zaidi somo lake. Siku nazo huwa ndefu: Adhuhuri haiingii mpaka saa saba imepita, na Magharibi huswaliwa baada ya saa mbili za usiku.

Mji wa Hannover una bustani mashuhuri iitwayo Herrenhausen. Sehemu moja, ambayo ni kubwa, imepangwa kwa mistari iliyonyooka kama safu za waswalio, na maji yameizunguka pande zake. Ng'ambo ya barabara iko nyingine iitwayo Berggarten, iliyoanza mwaka 1666 kuwa bustani ya mboga za jikoni, kisha ikageuka kuwa mahali pa kukusanyia mimea ya nchi mbalimbali. Ndani yake mna nyumba za vioo, ambamo mimea ya nchi za joto hulelewa wakati nje theluji yaanguka. Mwekeni akilini jina la bustani hii, kwa maana tutairudia.

HABARI ZA MKUTANO

Mkutano ulifanywa katika ukumbi mmoja wa mji, na waliohudhuria walikuwa watu wapatao mia mbili, wengi wao wazee wenye mvi, wanawake kwa wanaume. Ukutani zilipangwa meza za wauza mbegu, miche, vyungu na mikasi ya kukatia matawi. Kila mtu ameshika daftari, kama wanafunzi wetu siku ya mtihani. Mtoto wetu alikaa kando yetu akitufasiria kwa sauti ya chini.

Msemaji wa kwanza alizungumza juu ya udongo. Alieleza kuwa udongo mweusi uuzwao madukani katika mifuko, wengi hawaulizi watoka wapi. Nao huchimbwa katika vinamasi vya kale, na Niedersachsen, jimbo ambalo Hannover ndio mji wake mkuu, ndilo linalochimba sana. Kinamasi huchukua maelfu ya miaka kujijenga, nacho huhifadhi hewa ya ukaa ndani yake. Kikichimbwa na kukauka, hewa ile hutoka na kuzidisha joto la dunia. Kwa hiyo aliwashauri watu watengeneze mboji kwa majani makavu na maganda ya jikoni. Tukasema moyoni: bibi zetu waliofukia majani chini ya migomba walikuwa wataalamu, ila hawakupewa jukwaa.

Msemaji wa pili alizungumza juu ya wadudu. Alitaja uchunguzi uliotangazwa mwaka 1917? La, si zamani hivyo. Ni mwaka 2017 tu. Watu wa Ujerumani waliweka mitego ya wadudu warukao katika hifadhi 63, wakapima uzito wao kwa muda wa miaka 27. Wakaona kuwa uzito huo umepungua kwa zaidi ya asilimia 75. Ukumbi ukanyamaza. Maana nyuki na wenzake ndio wachukuao chavua kutoka ua hadi ua, na pasipo wao matunda mengi hayapatikani. Akawaomba watu waache pembe moja ya bustani isifyekwe, wapande maua yenye asali, na waache kunyunyiza sumu kwa kila mdudu wamwonaye.

Pakawa na mapumziko. Tuliomba mahali pa kuswali, nao wakatupa chumba kidogo cha kuwekea viti, mzee mmoja akatuondolea viti mwenyewe na kufunga dirisha ili tusipigwe na upepo. Ihsani kama hii haifai kusahauliwa.

JINA TULILOLISIKIA

Baada ya chakula alisimama bibi mmoja, naye alikuja na sanduku la vyungu vidogo. Hotuba yake hatukuifahamu, lakini ghafula katikati ya Kijerumani tukasikia neno la kwetu: Usambara! Tukadhani masikio yametudanganya. Akalitaja tena, na tena. Mtoto wetu akatwambia, "Ami, ua lile ndilo wanaloliita Usambaraveilchen, yaani ua dogo la urujuani la Usambara."

Habari alizozieleza ni hizi. Zama za utawala wa Wajerumani alikuwako Tanga mkuu wa wilaya aliyeitwa Walter von Saint Paul-Illaire. Yeye alilipata ua hili katika mawe ya chokaa karibu na Tanga na katika misitu ya milima ya Usambara, akampelekea baba yake Ujerumani, aliyekuwa mpenzi wa mimea. Baba mtu akampa Hermann Wendland, msimamizi wa bustani zile zile za Herrenhausen tulizozitaja. Mwaka 1893 Wendland akaliandika katika elimu ya mimea kwa jina la Saintpaulia, kwa heshima ya baba na mwana. Mbegu zake zikauzwa. Katika miaka ya 1920 wakulima wa maua wa Los Angeles wakazipanda na kuchagua zilizo bora. Na mwaka 1946 Wamarekani wakaunda chama cha walipendao. Leo kuna maelfu ya aina zilizozalishwa na watu, nyeupe, za waridi, za buluu, zenye kingo za mawimbi, nazo zimewekwa madirishani duniani kote. Mwaka 2015 wataalamu, baada ya kupima nasaba yake, waliliingiza katika jamii ya Streptocarpus. Lakini jina la Usambara bado liko midomoni mwa Wajerumani.

Na katika ardhi yote ya Mwenyezi Mungu, ua hili halioti lenyewe mwituni ila Tanzania na Kenya tu: Usambara, milima mingine ya Tanzania, vilima vya Taita na sehemu za pwani. Hupenda kushika mwamba ulio na unyevu, chini ya kivuli cha miti mikubwa. Jua kali likilipiga, majani yake huungua. Kwa hiyo mti mkubwa ukikatwa juu yake, ua hili halina haja ya kukatwa, hufa lenyewe. Baadhi ya aina zake za mwituni sasa zimo katika hesabu ya mimea iliyo karibu kutoweka. Basi tazameni ajabu hii: vitukuu wa ua hili wajaa madirishani Ulaya, na babu yao yu hatarini huko kwao.

TULIYOULIZWA NA TULIYOYAJIBU

Mtoto wetu alipowaeleza kuwa sisi twatoka Tanga, watu waligeuka kututazama kana kwamba tumetoka mbinguni. Mzee mmoja akauliza, "Je, kwenu kila nyumba inalo ua hili?" Tukajibu kweli: la, nyumba nyingi za mjini hazinalo, na siku hizi wengi wetu hununua maua ya plastiki madukani. Baadhi yao walicheka, lakini yule bibi hakucheka. Akauliza, "Na msitu je?"

Hapo tukaomba ruhusa ya kusema maneno machache. Tuliwaambia kwanza kwamba ua hilo halikuwa limepotea hata likaja kupatikana na mgeni. Milima ile ina wenyewe, Wasambaa, waliokaa humo tangu zamani, na hapana shaka macho yao yalikwisha kuliona. Pili tuliwaambia kwamba Mto Zigi watoka katika misitu ya Usambara Mashariki, nao ndio uwapao maji watu wa mji wa Tanga. Maji tunayopikia, maji ya hospitali, maji tunayotawadhia katika misikiti yetu, asili yake ni unyevu ule ule unaolilea ua lile juu ya mwamba. Msitu ukikauka, ua litakufa kwanza, na mfereji wetu utafuata. Tatu tulisema kwamba Serikali imeweka Hifadhi ya Amani tangu mwaka 1997, nayo ni heri kubwa. Lakini mwanakijiji aliye mpakani mwa msitu naye ana watoto, ahitaji kuni na shamba, na hawezi kuambiwa alinde kivuli kwa ajili ya ua la dirishani mwa watu wengine ikiwa yeye mwenyewe hapati kitu. Wakapiga makofi, na mmoja akaandika neno Zigi katika daftari lake, akatuuliza herufi zake moja moja.

Mwisho wa mkutano yule bibi akatuonyesha namna ya kulizalisha. Jani moja zima hukatwa pamoja na kikonyo chake, kikachomekwa kwa kulala kidogo katika udongo mwepesi uliochanganywa na mchanga, ukawekwa unyevu, kivulini. Baada ya mwezi mmoja au miwili miche midogo huchipua shinani. Na likikua hunyweshwa kutoka chini, katika kisahani, kwa kuwa maji baridi juu ya majani huyatia madoa. Chungu alichokishika, alisema, kilitokana na jani alilopewa na mama yake, na mama alipewa na jirani. Kisha akatukatia jani, akalifunga katika karatasi yenye maji, akatupa tulichukue kwetu.

Tulimshukuru sana, lakini tukamrudishia. Tulimweleza kuwa sheria za nchi zetu zakataza kuingiza mmea bila kibali na cheti cha afya yake, kwa kuwa jani moja laweza kubeba ugonjwa ukaangamiza mashamba. Na zaidi ya hayo, si desturi kumpelekea mtu zawadi ya kitu kilichotoka nyumbani mwake. Bibi akacheka sana, akalichomeka jani lile katika chungu kingine, akasema litakuwa la Tanga.

YATUPASAYO

Vijana wetu, msidhani kupenda mimea ni jambo la wazungu. Tulipu hizo zinazojaza bustani za Ulaya wakati wa machipuko zilifika kwao karne ya 16 kutoka nchi za Waturuki Waosmani. Na mwaka 1559 Conrad Gessner aliiona ikichanua katika bustani ya Augsburg, akaiandika habari zake. Kabla ya hapo, Ibn al-Awwam wa Sevilla alikwisha andika kitabu kikubwa cha kilimo katika karne ya 12, na Ibn al-Baytar wa Malaga, aliyefariki Damascus mwaka 1248, aliandika habari za dawa na vyakula vipatavyo 1,400, vingi vikiwa vya mimea. Na Mtume wetu, rehema na amani zimfikie, ametufundisha kuwa mti apandao Mwislamu, akila katika matunda yake mtu, ndege au mnyama, yeye huandikiwa sadaka. Hakushurutisha kuwa mpandaji awe ana shamba kubwa.

Huko Ujerumani asiye na ardhi mjini hukodi kipande kidogo kisichozidi mita za mraba 400, na hapo hulima mboga, matunda na maua yake. Sisi tusiongoje hata hicho. Ua wa nyumba, ukumbi, hata ndoo iliyotoboka, vyatosha. Kina mama na warudishe mirehani na asumini za vikuba mlangoni mwao. Walimu wenzetu na wampe kila mwanafunzi mche mmoja kuutunza mwaka mzima, nao uwe sehemu ya adabu zake. Na kila chuo cha Tanga kiwezacho, kiwapeleke watoto Amani mara moja wakaone maji yao yatokako, na wafundishwe kulitazama ua lile juu ya mwamba wake pasipo kuling'oa.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waangalizi wema wa amana hii ya ardhi na maji, na awalipe heri wale wote waliotupokea ugenini. Amin.