Mchagua Jembe

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hii imekaririwa darasani mara nyingi mno hata ni nadra kumpata anayesita na kuihoji. Mkulima wa kweli, yasemekana, hulima kwa jembe lolote lililo karibu naye. Anayelalamikia mpini na makali anatafuta tu kisingizio cha kulikwepa shamba. Kwa muda wa miaka mitano, mfasiri mmoja aishiye Kahawa Wendani, viungani mwa jiji la Nairobi, aliisadiki methali hiyo bila shaka yoyote. Alifasiri vijitabu vya afya, kanuni za vyama vya ushirika na miongozo ya wakulima kwa kipakatalishi kikuukuu alichoachiwa na binamu yake. Betri yake ilikuwa imekufa, nacho kifuniko kilishikizwa kwa gundi. Kila umeme ulipopotea, kazi nayo ilipotea.

Jina lenyewe la chombo hicho lilikuwa kejeli katika maisha yake. Waliounda neno kipakatalishi waliazima kitenzi kupakata, yaani kuweka mapajani, kama mama ampakatavyo mwanawe. Mfasiri huyu alikuwa na mtoto wa miezi kumi na minne. Paja lilikuwa lile lile, nao wenye haja nalo walikuwa wawili. Usiku, baada ya mtoto kulala, aliketi kitandani, akainama, akafasiri mpaka shingo ikakakamaa kama gogo. Mchana mtoto alipolia, mmoja wa wale wawili ilibidi ashushwe sakafuni, na aghalabu hakuwa mtoto.

Mwishoni mwa mwaka 2025, chombo hicho kilizima kisiwake tena. Ndani yake mlikuwa na kurasa arubaini za mkataba mkubwa kuliko wowote aliowahi kuupata, na mlikuwa zimesalia wiki tisa kabla ya siku ya kuukabidhi. Fundi alikifungua, akakichungulia, akatikisa kichwa. Diski ilikuwa imeharibika, wala hapakuwa na nakala nyingine popote.

Fedha alizokuwa nazo ni shilingi 70,000. Zamu yake ya kupokea mchango wa chama cha akina mama ilikuwa imefika. Lakini fedha hizo zilikuwa na mwenyewe. Alikuwa amemwahidi mama yake, mkulima wa milima ya Taita, kwamba zitanunua mabati ya kuezeka upya nyumba iliyokuwa ikivuja. Alimpigia simu huku amejiandaa kulaumiwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti imenyong'onyea hivyo?"

Akamweleza yote. Mama alinyamaza kitambo.

"Najua wasemavyo, mama," mwana akaongeza kwa haya. "Mchagua jembe si mkulima."

"Waliosema hivyo walikuwa wakimsema mvivu, si mimi," mama akajibu. "Mimi nikienda sokoni Wundanyi hulipiga jembe kwa kidole nikalisikiliza. Likilia kama debe bovu, nalirudisha. Mpini naukata kwa kimo changu, si kwa kimo cha muuzaji. Na kabla ya kutoka nyumbani hujiuliza: udongo wangu ni upi? Jembe la mchangani si jembe la mawe."

"Na mabati je?"

"Paa limestahimili masika mawili, litastahimili na haya. Lakini usiende ukaninunulia jembe la mapambo."

Usiku huo, badala ya kuota vioo ving'aavyo, mfasiri alichukua kalamu na karatasi akauandika udongo wake. Kazi yake ni maneno: hachezi michezo ya tarakilishi wala hahariri filamu. Huhitaji kuona matini mbili kwa wakati mmoja, ya asili na ya tafsiri, pamoja na kamusi. Hukaa kitako saa nane au tisa kwa siku. Umeme wa mtaani kwake hukatika bila kubisha hodi. Kazi hutumwa na kupokewa kwa mtandao. Na kazi ikipotea mara ya pili, jina lake nalo litapotea. Alipoisoma orodha hiyo, aligundua kwamba hakuhitaji chombo chenye nguvu za ajabu. Alihitaji chombo cha wastani chenye wasaidizi wema.

Kesho yake alishuka katikati ya jiji, akaingia barabara ya Luthuli, mahali ambapo maduka ya vyombo vya umeme yamebanana kama meno ya kitana. Hapo alikumbuka kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kijana wa kwanza alimfuata hatua hamsini akisifia kipakatalishi kipya, chembamba kama sahani, kwa shilingi 45,000. Alipouliza habari za ndani, akaambiwa kina kumbukumbu ya gigabaiti 4, nayo imegandishwa kwenye ubao mkuu, haiongezeki. Uso ulikuwa mpya, lakini akili ilikuwa finyu. Alishukuru akaendelea.

Alielekea kwenye maduka yauzayo vyombo vilivyotumika maofisini ng'ambo kisha vikakarabatiwa. Huko kwa bei ya chini mtu huweza kupata chombo kilichoundwa kwa kazi ya kila siku, chenye mwili imara na sehemu zinazobadilishika. Hata hivyo, huko ndiko pia mtu huuziwa mbuzi kwenye gunia. Kwa hiyo alilipiga jembe kwa kidole.

Kwanza aliuliza umri wa kichakataji. Windows 10 ilikoma kupata marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, nayo Windows 11 ina masharti yake: kwa vichakataji vya Intel Core, kwa kawaida hukubali kuanzia kizazi cha nane, pamoja na kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Muuzaji akimwambia mtu kwamba chombo ni Core i5 bila kutaja kizazi, amemtajia ukoo bila kumtajia umri. Core i5 ya kizazi cha nne na ile ya kizazi cha nane zina jina moja, lakini moja imefungiwa mlango. Kweli, mtu aweza kutumia mfumo huria wa Linux kwenye chombo kikongwe, ila baadhi ya programu za kufasiria alizotakiwa kutumia na wateja hukaa kwenye Windows tu.

Pili alitazama betri. Kuna amri fupi katika Windows, powercfg /batteryreport, inayotoa ripoti ya betri: uwezo iliotoka nao kiwandani, na uwezo iliobaki nao. Chombo cha kwanza kilikuwa kimebaki na chini ya nusu. Cha pili kilikuwa na zaidi ya robo tatu.

Tatu alijaribu kibodi, na hapo muuzaji alicheka. Chombo kimoja kilikuwa na bei nafuu kwa shilingi 3,000, na kila kitu ndani yake kilikuwa sawa. Alipoandika "yeye ni mzazi wao", kioo kikaonyesha "zeze ni myayi wao". Chombo hicho kilitoka Ujerumani, ambako Y na Z zimebadilishana makao. Muuzaji alisema vibandiko vitamaliza tatizo. Lakini Kiswahili hakiwezi kutembea hatua mbili bila Y na Z, nazo shilingi 3,000 hazikutosha kununua makosa ya kila siku. Kwenye chombo kingine aliandika "ng'ombe" mara kumi kuhakikisha alama ya ritifaa inaitika. Iliitika.

Hicho ndicho alichokichukua kwa shilingi 32,000: Core i5 ya kizazi cha nane, diski ya SSD ya gigabaiti 256, kumbukumbu ya gigabaiti 8. Kwa shilingi 4,000 akaongezewa gigabaiti 8 nyingine, kwa kuwa programu za kufasiria na kurasa nyingi za wavuti zikifunguliwa pamoja hugombania nafasi. Alidai risiti yenye nambari ya chombo na dhamana ya miezi sita kwa maandishi. Ahadi ya mdomo haina mhuri.

Kiwambo kilimgharimu shilingi 9,500. Kilikuwa kimetumika, cha inchi 24, chenye vitone 1920 kwa 1080. Hapo kurasa mbili hukaa bega kwa bega bila kusukumana. Alikijaribu kwa ukurasa mweupe mtupu, kisha mweusi, akitafuta vitone vilivyokufa. Akakitazama kutoka pembeni kuona kama rangi zinafifia. Akachunguza matundu yake, maana viwambo vingi vikuukuu vina tundu la VGA pekee, ilhali vipakatalishi vingi vya karibuni havina tundu hilo kabisa. Hiki kilikuwa na HDMI. Waya ukawa shilingi 500.

Kisha wakaja wasaidizi. Kibodi ya kando na kipanya vilikuwa shilingi 2,000. Vitu hivi vidogo hudharauliwa, lakini ndivyo viokoavyo shingo. Katika kipakatalishi kioo na kibodi vimefungwa ndoa: kioo kikiinuliwa kufikia macho, mikono hupaa, mikono ikishuka mahali pake, shingo huinama. Kibodi ya kando huivunja ndoa hiyo kwa amani. Kioo husogea hadi umbali wa mkono ulionyooshwa, ukingo wake wa juu ukilingana na macho au ukiwa chini kidogo, nayo mikono hubaki kwenye usawa wa viwiko. Kiti chenye mgongo imara, kilichotumika, kilikuwa shilingi 8,500. Hapa alisita sana, kwani kiti si tarakilishi. Akakumbuka mpini unaokatwa kwa kimo cha mkulima, akalipa.

Diski ya nje ilichukua shilingi 6,500. Tangu siku hiyo aliishika kanuni wanayoifuata watunzaji wa data: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mbali na nyumbani. Betri ndogo ya kuiwezesha ruta umeme ukikatika ilikuwa shilingi 3,000. Hakununua betri kubwa ya kukibeba kiwambo. Umeme ukipotea, kiwambo huzimika, naye huendelea kwa kioo kidogo mpaka mwanga urudi. Jumla ilikuwa shilingi 66,000. Zile 4,000 zilizosalia hakuzigusa. Chombo kilichotumika ni sharti kiwe na akiba ya dharura.

Si yote yaliyokuwa shwari. Kiwambo hakikuwa na mguu wa kuinuliwa, kwa hiyo kilisimamishwa juu ya matofali mawili yaliyovikwa gazeti. Kurasa arubaini zilizopotea hazikurudi. Ilibidi zifasiriwe upya, neno kwa neno, huku mama wa Taita akisogeza ndoo chini ya tundu la paa kila mvua iliponyesha. Kila asubuhi mfasiri aliisikia ndoo hiyo moyoni mwake, tone kwa tone, naye akakaza mwendo. Kazi ilikabidhiwa siku mbili kabla ya wakati.

Malipo yalipoingia, shilingi za kwanza zilikwenda Taita. Jioni hiyo simu ililia.

"Mabati yamefika, mwanangu. Na hilo jembe lako, lalima?"

"Lalima, mama."

Alijibu akiwa kitini, mgongo umenyooka, kazi ikimngoja mezani. Mapajani mwake alikuwa amelala mtoto.