Wajukuu wa Sola

Hapa kwetu Lusangi, mashariki ya Kongo, waya wa umeme haukatiki, kwa sababu haujaletwa. Bwawa la pili la Inga lilipoanza kazi mwaka 1982, waya zilivutwa kilomita 1,700 hivi hadi Kolwezi kwa ajili ya migodi ya shaba, zikapita juu ya vichwa vya watu waliokuwa wakipika kwa kuni. Sisi wa Maniema ya kusini hata kivuli chake hatukukiona. Ajabu ni kwamba siku hizi, katika kijiji kisicho na waya, hakipiti kipindi nisisikie kilio cha umeme kukatika: "Babu, betri imekufa!"

Imekufa kwa kuuawa. Nimekaa barazani nikaitazama nyumba inavyoitumia. Mchana kutwa mawingu, sahani ya sola juu ya bati haijapata jua la kutosha, lakini jioni televisheni inawashwa, redio nayo inaimba kwa sauti ya juu, simu tano za majirani zimening'inia ukutani zikinywa, na taa inawaka katika chumba kisicho na mtu. Betri za maji ya asidi hazipendi kutumiwa kupita nusu yake. Ukizikausha kila usiku, hazimalizi miaka yake. Fundi aliwaeleza siku alipoifunga. Waliitikia.

Kizazi chetu kilijua kugawa mwanga. Kwenye chuo cha Kurani usiku tulisoma kwa moto wa uani, na kila mtoto alikuja na ukuni wake. Asiyeleta alikaa upande unakoelekea moshi, akasoma huku machozi yakimtoka. Ubao uliandikwa kwa wino wa masizi, na sura ilibidi ishikwe kichwani kabla kuni hazijaisha, maana hakuna aliyeongeza ukuni wa pili. Nyumbani palikuwa na kibatari kimoja, na kilikuwa na ratiba: chakula, kisha mgonjwa kama yupo, kisha kinazimwa. Mafuta ya taa yakikosekana, tulitia mawese kwenye kisahani na utambi wa pamba. Pamba hatukuikosa, Wabelgiji waliwalimisha wazee wetu kwa lazima.

Usiku mama alifukia kaa kubwa kwenye majivu. Alfajiri jirani alikuja na kigae kuomba moto, akapewa bila kuulizwa jana alifanya nini. Mwaka 1964, vita vya waasi wa Simba vilipotufikisha msituni, hata kaa hilo tulilizima magharibi lisije likaonekana, tukajifunza kupapasa: chumvi iko wapi, panga liko wapi, mtoto analala upande gani. Vita vya 1998 vilipokata njia ya Kindu, mafuta ya taa na chumvi vikawa vitu vya kusimuliwa. Akina bibi wakatoa visahani vyao vya mawese, na wakwe zao waliokuwa wakivicheka wakanyamaza.

Lakini mimi si katika wazee wanaosifu giza. Wanawake wamejifungua kwa mwanga wa kibatari kilichoshikwa na mkono unaotetemeka. Nyumba za nyasi zimeteketea kwa utambi mmoja ulioanguka. Kwa hiyo sola naipenda, na kifaa ninachokipenda kuliko vyote ni friji za chanjo zilizoletwa katika vituo vya afya vya nchi hii, zile zisizo na betri kabisa. Mchana jua hugandisha barafu ndani ya kuta zake, usiku barafu hiyo ndiyo inayoshika baridi, dawa zisitoke kati ya nyuzi 2 na 8. Aliyezitengeneza alifikiri kama mama na kaa lake kwenye majivu.

Wenye waya nao wasituonee huruma haraka. Unguja, walikoanzia safari watu wa mfanyabiashara Tippu Tip waliojenga mji wa Kasongo, Mei 2008 walikosa umeme karibu mwezi mzima. Desemba 2009 waya wa chini ya bahari unaotoka bara ukawaharibikia tena, wakakaa gizani miezi mitatu. Kilichowasumbua hakikuwa giza peke yake. Pampu zilisimama, maji yakakauka kwenye bomba, mji ukarudi visimani na ndoo. Goma pia, vita vilipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025, umeme ulikwenda na maji yakaufuata. Ndiyo maana mitungi yangu haitupwi hata nikiletewa bomba mlangoni.

Nyumbani kwangu nimeweka sheria, na wajukuu wananiita serikali. Sahani ya sola inafutwa kwa kitambaa kibichi asubuhi ikiwa bado baridi, hasa kiangazi, Juni hadi Agosti, vumbi na moshi wa nyika unapotanda. Imeinamishwa kidogo kuelekea kaskazini, kwa kuwa sisi tuko kusini ya mstari wa ikweta. Siku ya mawingu, televisheni haiguswi. Tochi moja ina msumari wake nyuma ya mlango, na atakayeikuta kwingine anaijibia. Kibatari kipo, kimejaa, mbali na pazia. Mafuta yake nayanusa kabla ya kuyanunua, kwa kuwa wapo wachuuzi wanaoyachanganya na esansi, yaani petroli, na hayo hulipuka. Jenereta ya harusi haikai ndani hata mvua inyeshe vipi, maana moshi wake huua watu wakiwa usingizini bila kuwaamsha. Na Ramadhani, kabla ya kulala, betri lazima ibaki na kitu cha daku.

Mkwe wangu anasema nahangaika bure, tununue betri ya lithiamu, inayostahimili kutumiwa karibu yote. Ni kweli, inastahimili, na fedha zikipatikana tutainunua. Nimemwambia hata hiyo ikija, televisheni itazimwa saa tatu usiku. Yeye anataka saa tano, kwa sababu ya mpira. Bado hatujaelewana.