Likigoma Kugeuka, Geuza Karatasi!

Wiki hii tuongee kitu kinachowaumiza vichwa wengi pale steshenari, hasa sisi tuliomaliza fomu foo tukajifunzia kompyuta mitaani.

Mnajua halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo: 4 ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya wenye ulemavu. Lakini huendi mikono mitupu, lazima kikundi kiwe na andiko la mradi. Maelezo yanapigwa kwenye Word, bajeti inatengenezwa kwenye Excel, kisha inapachikwa ndani ya andiko. Hapo ndipo kasheshe inapoanza. Jedwali pana kama mkeka, karatasi imesimama, safu ya jumla inakatika. Na jumla ndiyo pesa yenyewe, jamani!

Kikundi chetu cha ufugaji kuku kilikwama hapo, siku moja kabla ya kukabidhi. Katibu alihangaika kulizungusha jedwali. Wapi! Picha ukiibofya inatoa kamshale kalikopinda, unakashika inageuka. Faili lililopachikwa halina. Lile ni mgeni aliyekuja na chumba chake: ukilibofya mara mbili, Excel yenyewe inafunguka.

Wajanja wakasema, "Likate, libandike upya kama picha." Kweli, litageuka. Ila hiyo sasa ni picha, haijui hesabu. Bei ikibadilika utabofya mpaka kidole kiote sugu. Kama hesabu zimeshafungwa, sawa, fanya hivyo.

Mie nikasema tugeuze karatasi, tumwache mgeni. Weka kasa kabla ya jedwali, nenda Layout, bofya Breaks, chagua Next Page. Rudia hivyo baada ya jedwali. Kisha rudi ukurasa ule wa katikati, bofya Orientation, chagua Landscape. Huo peke yake unalala, nyingine zinabaki zimesimama.

Usiku mweka hazina akapiga simu: vifaranga vimepanda bei! Tukabofya mara mbili, tukabadilisha tarakimu moja, jumla ikajirekebisha yenyewe. Kwa picha tungekesha.

Majibu ya mkopo bado tunayasubiri. Lakini akifungua andiko letu, bwana mkopo ataiona jumla yote, mpaka shilingi ya mwisho.